Mkasi wa Kibonge

Msinione nimekonda mkadhani nimepona. Nilipokuwa mnene wa kuziba mlango nilisimama kutwa nzima nikikata vitambaa, na hakuna aliyewahi kunisikia nikilalamika. Leo kila mtu ananisifia umbo, na vile vingazi vya mlangoni mwa karakana navipanda nimeshika ukuta.

Mimi ni mkataji. Tunashona sare za shule na magauni ya sherehe. Mkataji anatandaza kitambaa mezani, tabaka juu ya tabaka, anachora kwa chaki, halafu anakata zote kwa pamoja. Ukikosea hujaharibu sketi moja, umeharibu rundo. Ndiyo maana kwetu mkasi wa mkataji haushikwi na mwingine. Huo mkasi nimeushika tangu Madamu, mwenye karakana, hajaota mvi hata moja. Wananiita Kibonge, na jina lenyewe lilikuwa na heshima zake. "Muulizeni Kibonge," walikuwa wakisema, na mambo yananyooka.

Nikafanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Magoti yalishukuru, sikatai. Kisha ukaja uchovu, na si huu wenu wa kulala ukaamka mzima. Nimekaa tu, moyo unakwenda mbio. Nywele zinabaki kwenye kitana. Na hamu ya barafu, jamani! Natafuna barafu mpaka meno yanauma. "Kibonge anasaga kokoto," mafundi wananitania, nami nacheka nao, nifanyeje?

Hospitali wakasema damu imepungua, mwili hauna madini ya chuma. Wakanipa vidonge, na Mama akajipa kazi ya kunisimamia. Mama yangu hajawahi kumpa mgonjwa dawa kwa maji matupu. Kwake huo ni ukatili. Kila asubuhi ananiletea kidonge kwenye kisahani na kikombe cha chai ya maziwa, nzito. "Kunywa mwanangu, itatuliza tumbo." Nikanywa miezi na miezi.

Siku daktari aliponiuliza nameza na nini, nilimjibu kwa majivuno kabisa. Akavua miwani. "Chai na maziwa vinazuia chuma kisiingie mwilini." Akaongeza kwamba hata kwa maji vidonge visingesaidia sana, maana upasuaji umekiruka kile kipande cha utumbo kinachofyonza chuma. Mama, aliyekuwa amekaa kando yangu, alisikia ya chai tu.

"Kumbe mimi ndiye ninayekumaliza," aliniambia njiani.

"Mama, acha hizo!" Nilimkaripia, kwa sababu ningembembeleza tungelia wote barabarani.

Niliwahi kutundikiwa dripu ya chuma, nikawa mtu tena. Lakini kila mwezi damu inatoka, na tumbo halirudishi kitu. Sasa wanasema dawa ya dripu hakuna, ikija watanipigia. Nalala na simu mkononi. Wanaopiga ni waliokosea namba.

Juzi nilikuwa katikati ya rundo la sketi. Nikaanza kuona vidoa vyeusi. Ningeweka mkasi chini, lakini nilijua nikikaa watasema Kibonge kaisha, nikakaza roho. Mkasi ukaenda zake. Macho yaliporudi, nilikuwa nimelipasua rundo zima katikati.

Madamu hakufoka. Heri angefoka. Alinitoa mkasi mkononi taratibu, akampa Bi Pindo, anayeshona mapindo pale dirishani. "Shika kwanza," akamwambia. Kwanza! Mimi naijua "kwanza" ya Madamu.

Akanigeukia. "Wewe hatukuachi. Una umbo zuri siku hizi, utasimama tuyapimie magauni mwilini mwako."

Maisha yangu yote nilitamani nguo inikae bila mtu kuongeza kitambaa. Leo nimesimama katikati ya karakana, gauni la watu limejaa pini mwilini mwangu, na Bi Pindo yuko mezani kwangu anakata kwa kudonoadonoa. Nasikia anapokosea hata bila kumtazama. Niliomba kiti.

"Vumilia kidogo, ukikaa gauni linajikunja," alisema Madamu.

Mama akaingia na kidonge na chupa. "Maji, mwanangu. Maji matupu kabisa." Alinitazama kama mtu anayengoja kusamehewa, nami nikameza mbele yake, nikijua hakiendi popote. Akatabasamu, masikini. Mimi nilitaka kupiga kelele.

Alipoondoka, miguu ilikuwa inatetemeka ndani ya gauni na vile vidoa vyeusi vimeanza tena. Madamu akanizunguka, akanitazama juu mpaka chini, akapiga makofi.

"Kibonge wewe! Umependeza kweli!"

Nikamwambia asante, maana sikuwa na pumzi ya neno refu zaidi.