Paka Juu ya Mizani

Kila asubuhi, kabla duka la dawa la chuo halijafunguliwa, mwanafunzi ambaye wenzake walimpachika jina la Bi Kimya alifuta kaunta, akageuza chupa lebo zitazame mbele, kisha akahakikisha mizani inasoma sifuri. Asubuhi hiyo alimkuta paka wa kijivu juu yake, amejikunja kama mwenye nyumba. Mizani ilisoma sifuri vilevile.

Alimtambua. Alikuwa paka wa mama fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara; paka huyo alizikwa wiki iliyopita chini ya dirisha la fundi. Alipougua, mwalimu alimpima papa hapa, akakata kidonge cha parasetamoli kwa wembe, akawaambia wanafunzi, "Mnyama ni mtu mdogo tu. Pima, gawanya, mpe." Bi Kimya alikuwa amesoma kwamba mwili wa paka hauiwezi dawa hiyo, hata chembe. Alifungua mdomo. Mwalimu alipomtazama, Bi Kimya akaufunga.

"Mwalimu, kuna paka," mwenzake alisema.

"Namwona. Mtoeni, tuna somo."

Walimtoa, akarudi. Mwisho walimzoea. Alasiri, mwanga wa dirishani ulipita katikati ya mwili wake na kutua kwenye chupa za dawa ya minyoo, zikaonekana kuyumba kama ziko chini ya maji ya kina. Wateja walioingia mbiombio walijikuta wakizungumza polepole, kama watu walioamshwa katikati ya ndoto nzuri.

"Haya, pigeni hesabu ya dozi ya huyu," mwalimu alisema.

Walipiga. Wote walipata sifuri.

"Mizani mbovu," alisema mwalimu, akaagiza nyingine.

"Mizani haina kosa," Bi Kimya alinong'ona.

"Unasemaje?" mwenzake aliuliza.

"Hamna kitu."

"Wewe nawe. Mtu akikukanyaga, utamwomba radhi."

Siku mizani mpya ilipofika, mama fundi naye aliingia, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, kitoto cha paka kimefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha maua.

"Binti yangu, huyu naye anachemka. Nipeni ile dawa ya mwenzake." Alimwona wa kijivu, akamkuna sikio. "Kumbe uko huku. Na mimi nakutafuta kila jioni."

Mwalimu alikipima kitoto, akakirudisha kifuani kwa fundi. "Sogeeni muone. Mnyama ni mtu mdogo tu." Wembe ulishuka. Kipande cha kidonge kilibaki juu ya karatasi, na karatasi akapewa Bi Kimya aifunge.

Paka wa kijivu aliondoka kwenye mizani ya zamani, akapanda ile mpya. Sifuri. Mwalimu aliigonga kwa kidole.

"Nayo mbovu," alisema, akaenda chumba cha nyuma kuagiza ya tatu. Wanafunzi wengine walibaki wakiandika somo, neno kwa neno.

Mama fundi alinyoosha mkono. Bi Kimya alikunja karatasi mara moja, mara ya pili, akaikunjua. Kitoto kilipiga chafya ndani ya maua.

"Mama," alisema, na sauti yake ilifika hadi chumba cha nyuma. "Usimpe. Dawa hii inaua paka. Yule wa kwanza tulimuua sisi."