Wa Mwisho Kwenye Orodha

Lugha ya kompyuta aliyoitunga Mtaalamu kwa miaka mitatu ilikuwa na mtumiaji mmoja tu duniani: mama mkwe wake, fundi cherehani, ambaye ndiye aliyembandika jina hilo, na si kwa kumsifu. Mtaalamu alimwogopa. Ila aliogopa zaidi kumpoteza.

Kwa hiyo siku mama mkwe aliponung'unika kwamba kumpata mteja wa mwisho ni lazima kwanza uhesabu orodha nzima ya wateja na vipimo vyao, jamaa hata chakula hakugusa. Aliongeza namba hasi: ukiandika moja hasi, unapata mteja wa mwisho; mbili hasi, anayemtangulia. Alijisifu mpaka mkewe akatoka chumbani.

Alichosahau ni kwamba programu yake ya kutafuta majina, ikimkosa mtu, hujibu moja hasi. Zamani jibu hilo liliisimamisha mashine papo hapo. Sasa mashine ilitoa vipimo vya mtu wa mwisho, kwa adabu zote.

Ijumaa bi harusi akaja kujaribu gauni. Jina lake halikuwemo kwenye orodha. Mama mkwe alikuwa amesahau kuliandika, ingawa hakuna aliyethubutu kulisema hilo. Gauni likashonwa kwa vipimo vya mteja wa mwisho, mnyanyua vyuma. Mabega ya gauni yalimfika bi harusi viwikoni, akalia humo ndani mpaka mafundi nao wakaanza kupangusa macho.

"Mtaalamu!" mama mkwe alinguruma kwenye simu. "Njoo hapa sasa hivi!"

Akaja mbio. Akairekebisha programu: asiyekuwepo akitafutwa, mashine iseme "Hakuna" na kusimama. Kisha akasubiri kuambiwa achukue lugha yake aende zake. Daftari la zamani la kuandikia vipimo lilishatolewa, liko mezani.

"Ile ya kuhesabu kutoka mwisho umeiondoa?"

"Bado, mama. Ukitaka..."

"Iache. Inanifaa."

Akachukua utepe wa kupimia, akamzungushia shingoni, akaubana kuliko ilivyohitajika. Akashuka kifuani, kiunoni, mguuni, akiingiza kila namba kwenye kompyuta.

"Unanishonea nguo, mama?" Mtaalamu aliuliza, furaha imemjaa.

"Nakuweka wa mwisho. Kila nikiandika mteja mpya, nakushusha chini yake. Mashine yako ikikosea tena, nguo itatoka kwa kipimo chako, na utaivaa. Hata ikiwa ya bi harusi."