Magogo Chini ya Duka la Tackett

"Mchwa gani hao, bwana Tackett? Mchwa hula mbao, hawabomoi dohani."

Ludmila Hruska alisimama uani kwake, mikono kiunoni. Duka la jirani yake lilikuwa limenyanyuliwa lote na kuwekwa juu ya magogo, eti kwa ajili ya mchwa, na dohani lake la matofali limeshushwa.

"Mama Hruska, kapike soseji zako, uniachie duka langu."

"Na maksai sita wa nini? Wamekuja kula mchwa?"

Tackett akainama kukagua magogo.

Siku hizo mji mzima wa Bascom ulikuwa ukingoja reli. Wapima njia walipita, wakala kwa Ludmila wakashiba, wakaondoka bila kusema stesheni itajengwa wapi. Na huko Texas, mji uliorukwa na reli ulibakiwa na makaburi na mbuzi. Ludmila, mjane mwenye mgahawa wa meza nne, aliishi kwa njaa za wasafiri. Stesheni ikienda kwingine, amekwisha. Huyu Tackett lazima kanong'onezwa.

Magogo yalielekea mashariki, kwenye malisho ya Dobbs. Basi. Kulipokucha binamu zake Ludmila walishaunyanyua mgahawa juu ya magogo na kufunga maksai, nao ukaanza kusota kwenda mashariki, bomba la jiko limetokezwa dirishani likifuka moshi.

Tackett alimfikia katikati ya malisho, duka lake likiyumba nyuma yake.

"Kumbe ulijua, mama."

"Nijue nini? Si magogo yako ndiyo yameniambia?"

"Yangu? Niliyaelekeza huku kwa sababu huku hakuna mlima. Wewe wapima wametoka tu, ukanunua mapipa mawili ya unga. Nikasema huyu kaambiwa, ngoja nijiweke tayari nione ataelekea wapi."

"Unga wa harusi ya mpwa wangu ule."

Wakatazamana. Kisha wakageuka. Kwa mbali, karakana ya mhunzi ilikuwa inakuja. Nyuma yake posta. Nyuma ya posta kanisa, kengele ikijigonga yenyewe kila kwenye shimo.

"Sasa tufanyeje?" akauliza Tackett.

"Tutafanyaje? Mji ndio huu hapa. Reli ikitaka abiria, itatufuata."

Tackett alicheka. Ludmila hakucheka, bado alimwona kama mtu aliyebakiza neno moyoni. Lakini harufu ya soseji ilishatoka dirishani, na mwanamume huyu hakuwa na jiko la kupikia.

"Panda ule," akamwambia. "Nyumba haikimbii. Ila ukae pale ninapokuona."