Mke Mdogo wa Fundi

Pigo la kwanza la mtaimbo lilimvunja Fundi mtulinga, akaanguka kifudifudi mbele ya kamera yake.

Ilikuwa saa nane mchana, wakati wataalamu wa nyota wamelala na kilele chote cha mlima kimebaki mikononi mwa mafundi. Na siku hiyo fundi alikuwa mmoja tu. Kamera, kubwa kama pipa la mafuta, ilikuwa imeshushwa kutoka kwenye darubini na kuwekwa juu ya toroli karakanani ili ibadilishwe pampu. Haikuwa kamera ya kupigia picha za harusi. Ilinasa miale ya joto isiyoonekana kwa macho, ikapenya mavumbi ya angani mpaka kwenye nyota changa, na kwa picha moja ilimeza kipande cha anga ambacho miezi mipevu minne ingekaa bila kubanana. Ili isipofushwe na joto lake yenyewe, ndani yake hamkuwa na hewa hata chembe, na baridi ilifika nyuzi mia mbili chini ya sifuri. Kabla ya kuifungua, ilibidi ipashwe moto polepole kwa siku mbili, na kazi hiyo ilikuwa haijaanza. Ukilegeza vali ingali baridi, hewa inaingia kwa kishindo na vigae kumi na sita vya kunasia mwanga vinapasuka kama maganda ya mayai. Vya akiba havikuwapo. Ramani ya anga waliyoichora kwa miaka minne ilibakiza miezi mitatu.

"Fungua tutoe dhahabu," alisema Mrefu, mwenye mtaimbo.

"Dhahabu ni rangi tu iliyopakwa kwenye vioo. Yote haijazi jino la mtu."

"Meno? Haya, tuanze na ya kwako."

Teke likatua mdomoni. Fundi alitema damu na meno mawili.

Mwenzake, mfupi, aliyejifunika uso kwa kofia ya sufu, alikuwa kimya mlangoni tangu waingie. Sasa uvumilivu ukamwishia. "Mzee, unataka kufa kwa ajili ya mke mdogo?"

Mke mdogo! Jina hilo alilibuni mke wa Fundi, mezani kwake, kila simu ya kazini ilipolia: "Kimbia kwa mke mdogo, mimi mkubwa nimeshachuja." Huko mlimani hakuna aliyewahi kulisikia. Na mezani hapohapo ndipo Fundi alipojigamba kuhusu vioo vya dhahabu.

"Shemeji," alisema. "Kumbe ni wewe."

Mrefu akageuka. "Anakujua?"

"Ananifananisha tu."

"Anakujua, mpumbavu we! Sasa hatoki hapa hai."

Mtaimbo ukapanda juu. Fundi, kwa mkono wa kushoto, alivuta mpira wa tangi la naitrojeni, gesi iliyopozwa mpaka ikawa maji, wanayopozea kamera, akafungulia koki yote. Kimiminika kikamvaa Mrefu usoni kikifuka moshi. Alipiga yowe ambalo Fundi hakuwahi kulisikia kwa binadamu. Mashavu yakageuka meupe kama nta. Mtaimbo ukaanguka. Shemeji akauokota, akamtandika Mrefu kisogoni. Akarudia. Pigo la tatu halikuwa na haja. Damu ikatambaa chini ya toroli.

"Nimekuokoa," alisema shemeji, akivua kofia na kuhema. "Nilikuja kukusalimia, nikakuta mwizi. Utawaambia hivyo polisi, na dada utamwambia hivyohivyo." Akashika vali. "La sivyo, naizungusha."

Nusu mzunguko ungetosha. Fundi aliutazama mkono ule. Ndio uliomshikia ngazi alipoezeka nyumba yake.

"Umeniokoa, shemeji," alisema. "Niinue basi."

Shemeji akaiacha vali, akainama. Spana ya pampu, ambayo Fundi aliipapasa sakafuni, ikampata gotini, mfupa ukalia. Alipoanguka, Fundi aliulenga mkono ulioshika vali, akaupiga mpaka vidole vikakataa kukunjika.

"Shemeji, jamani! Dada nitamwambia nini?"

"Utajua mwenyewe. Mdomo sijaugusa."

Fundi akajikokota hadi kwenye geji ya kamera. Mshale ulikuwa palepale; hewa haikuwa imeingia. Akakibonyeza ukutani king'ora cha hatari, akaketi ameegemea toroli, spana mkononi, akimsikiliza ndugu wa mkewe akilia.