Mlango kati ya Jikoni Mbili

Yule mkaguzi wa kaunti nilimwambia wazi, macho kwa macho: "Kijana wangu, huu mlango umekuzidi umri. Uamkie kwanza."

Akacheka kwa adabu. Jina lake Awale, na heri angekuwa mjeuri, ningejua pa kuanzia kugombana naye. Alitazama plani ya chumba cha chini ninachotaka kumjengea mume wangu, akagongagonga ukuta wa jikoni yangu, halafu akasema, "Mama, chumba cha mzee hakina shida. Choo kiko sawa, na mlango wa bafu kiti cha magurudumu kitapita. Shida ni huu ukuta. Nyumba zenu zimeshikana, na ukuta wa mpakani unatakiwa uwe mzima, kutoka chini mpaka kwenye paa. Moto ukishika kwako, huo ukuta ndio utakaomwokoa jirani. Zibeni mlango, nirudi kuangalia, kibali kitoke. Mkiuacha, siwezi kupitisha ujenzi."

"Huyo jirani tumeokoana miaka yote bila ukuta," nikamjibu.

Ngoja nieleze, usije ukaniona mkorofi bure. Nyumba hizi zetu za Buruburu tulizipata tukiwa bado vijana, na jikoni zilikuwa finyu hivi kwamba ukitaka kugeuza chapati lazima mtu atoke nje. Mume wangu Muthama alikuwa dereva. Jirani yetu Gachanja alikuwa seremala, kibanda chake kilikuwa karibu na korti za Makadara. Wakakubaliana waongeze jikoni huko nyuma, wote kwa pamoja, na ukuta wa katikati uwe mmoja. Kibali? Nani aliuliza kibali siku hizo! Uliita fundi, ukachinja kuku, na majirani wakija kukusalimia wanakuta umepata chumba.

Mke wa Gachanja ni Waruguru. Mimi humwita Mama Owen, yeye huniita Mama Kavinya. Masika ya kwanza baada ya zile jikoni kuisha, tulikuwa tunazunguka na sufuria kwenye mvua, kutoka geti lake hadi geti langu, huku tumejifunika magunia. Gachanja akatutazama weee, akasema, "Nyinyi mtakufa na homa ya mapafu mniachie watoto." Akachukua nyundo na tindo akatoboa ukuta, akatia mlango aliouchonga mwenyewe. Hakuweka kufuli. Hata komeo hakuweka.

Jamani, ule mlango! Owen alikula muthokoi kwangu mpaka akajua Kikamba cha kuombea nyongeza. Kavinya wangu alijifunza kuponda mukimo kwa Waruguru, na pia matusi ya Kikikuyu, ingawa Waruguru mpaka leo anakana. Chumvi ikiisha ulinyoosha mkono tu. Kununiana tulinuniana pia, sisi si malaika. Mlango ungebamizwa asubuhi, na kabla ya jua kuzama mmoja wetu angeufungua eti anatafuta kiberiti. Nikiyakumbuka hayo moyo unaniuma, sifichi. Natamani siku moja tu ya zile, na kelele zake zote.

Siku Gachanja alipoanguka, Muthama alipita mlango huo kifua wazi, akamshika mpaka pumzi ya mwisho. Na kiharusi kilipompiga Muthama mwaka jana, sikuwa nimemaliza kupiga nduru, Waruguru tayari alikuwa ameshamwinua kichwa. Tangu hapo mume wangu analala sebuleni kwa sababu ngazi zimemshinda. Tunamwogesha kwa beseni nyuma ya pazia, mwanamume ambaye hata kucha zake alikuwa anakata kwa kujificha. Akimaliza kuogeshwa hanitazami. Ndiyo maana nataka kile chumba cha chini.

Lakini kuziba mlango nilikataa. "Basi chumba kikae," nikasema, Awale akiwa bado amesimama pale. "Mama Owen anaishi peke yake. Owen yuko Eldoret. Akianguka huko, mimi nitamsikiaje kupitia mawe?"

Waruguru, aliyekuwa amesimama kwenye kizingiti, nusu kwake nusu kwangu, akanigeukia kwa hasira. "Mama Kavinya, acha ukaidi! Baba Kavinya anaoga kwa beseni kama mtoto mchanga, wewe unalinda mbao? Gachanja angekuwa hai angeuziba kwa mkono wake, na angekutukana akimaliza. Ita fundi."

Nikaita fundi. Nabiswa alikuja na mawe na simiti, akaung'oa mlango taratibu, akauegemeza uani. Waruguru akaja kwangu na thamosi ya chai, maana fundi wa kwangu ni fundi wa kwake. Tukakaa kwenye vile vistuli vyetu, kama siku zote, tukimwangalia Nabiswa akipanga mawe.

Usipatwe na mshangao, tulicheka. Waruguru alinikumbusha Krismasi ile mbuzi alipoingia kwake akatokea kwangu na mkufu wa maua ya karatasi shingoni. Mimi nikamkumbusha Gachanja na Muthama walivyokuwa wanajificha jikoni kusikiliza mpira redioni wakati sisi tuna fellowship ya maombi sebuleni, na goli likiingia wanasema "Amina!" Mawe yakapanda mpaka magotini, yakapanda mpaka kifuani. Nikaona jikoni yake inabaki kipande, sinki na rafu ya sahani, halafu rafu peke yake. Sikutaka kuangalia, nikamwomba aongeze chai.

"Haya, kina mama," Nabiswa akasema, akipangusa mwiko. "Imeisha."

"Umefanya kazi nzuri, baba," Waruguru akasema. Akainuka, akachukua thamosi yake. "Wacha nikaangalie maharagwe yangu yasiungue."

Akatembea moja kwa moja mpaka kwenye ukuta. Akanyoosha mkono kusukuma, na mkono ukagusa simiti mbichi.

Akabaki hivyo hivyo. Sisi sote watatu tulikuwa tumekaa upande mmoja, na hakuna hata mmoja aliyefikiria. Geti lake lilikuwa na kufuli kwa ndani, funguo ziko kwenye meza yake, na maharagwe yako kwenye gesi. Miaka yote hiyo alipokuja kwangu hakuwahi kubeba funguo. Za nini?

"Naweza kutoa mawe mawili matatu, simiti haijashika," Nabiswa akasema.

"Usiguse!" Waruguru akamkemea. "Huyo kijana anarudi kesho. Mzee apate chumba chake."

Basi Nabiswa akaparamia ukuta wa uani, akazima gesi, akatuletea funguo. Maharagwe yaliungua yote. Waruguru akajifuta ile simiti kwenye leso, akapita sebuleni kwangu, akamuaga Muthama, akatoka kwa mlango wa mbele. Nikamsindikiza mpaka getini kama mtu anavyomsindikiza mgeni. Alichelewa kupata tundu la kufuli lake.

Awale alirudi asubuhi, akagonga ukuta, akaridhika, akatupa kibali. Muthama aliposikia aliitikia kwa kichwa, machozi yakamtoka, na kwa mara ya kwanza tangu augue akanitazama usoni. Nilifurahi, nani asingefurahi? Nikaenda kuweka chai ya kusherehekea, nikaweka maji ya watu watatu bila kufikiria.

Nikasikia geti likibishwa.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Nilikwenda kufungua huku nalalamika ni nani tena huyo. Alikuwa Waruguru, amejifunga kitambaa cha kanisani na kuvaa viatu, ameshika sahani yake ya mukimo kwa mikono miwili.

"Unapiga hodi?" nikamuuliza.

"Sasa nifanyeje, Mama Kavinya?"

Nikaipokea sahani, nikatafuta neno la kumkaribisha. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia huyu mwanamke karibu.