Nani Anakula Dakika

Rufaida hakumpenda Mutuku, wala hakuona haja ya kuficha. Miaka miwili walikuwa wameketi meza moja katika ofisi ya kiwanda cha chumvi karibu na Mambrui, na salamu zao zilikuwa za kukwepa lawama tu. Pamoja waliandika programu ya kompyuta, kwa lugha ya Python, ya kuamua kila asubuhi ni mabwawa yapi yavunwe chumvi kabla ya mvua. Siku hizi orodha ilichukua dakika arubaini kutoka. Jumanne mvua iliwanyeshea wavunaji wakiwa bado wanaingoja orodha, na chumvi ya mabwawa matatu ikayeyuka ikaenda zake.

Meneja Vivian akawaita wote wawili. Alisema kazi hiyo haihitaji watu wawili, na mwenye sehemu inayokula muda ndiye atakayefunga virago. Rufaida hakungoja kuulizwa. Mbele ya ofisi nzima alisema hesabu alizoandika Mutuku kwenye programu zilikuwa nzito tangu siku ya kwanza, na kwamba mtu huyu huandika programu kama anayelima kwa kijiko. Akataka profaila iendeshwe papo hapo, kile chombo cha kupima kila sehemu ya programu imetumia muda gani. Mutuku akaiendesha.

Matokeo yakatokea, sehemu nzito zaidi ikiwa juu. Hesabu za Mutuku zilikuwa chini, dakika mbili. Iliyokuwa juu ilikula dakika thelathini na saba, na aliyeiandika ni Rufaida.

Aliitambua mara moja. Aliiongeza mwaka jana bila kumwambia mtu. Kila hesabu ya Mutuku ilipomalizika kwa bwawa moja, sehemu hiyo ilisoma upya kumbukumbu za mvua za miaka kumi na kuirudia hesabu yote, ili siku akikosea kosa lake liandikwe kwenye faili.

Vivian aliuliza ni ya kazi gani. Rufaida akaeleza kwa aibu, na chuki yake haikupungua hata kidogo. Mutuku akasogeza kiti.

"Hiyo faili iko na makosa yangu mangapi?"

Rufaida akaifungua mbele yao. Ilikuwa tupu.

"Hamna hata moja," akasema, akamchukia kuliko siku zote, akavuta mkoba wake.