Betri za Namba Kubwa

Mpiga picha alikuwa mbishi, jamani, mbishi wa kuzaliwa! Muuza betri alimwekea pakiti mbili mezani, zote za kuchaji, akamwambia waziwazi: "Kaka, hizi za namba kubwa ya chaji ubavuni ni maneno tu. Ukizichaji zikakaa kwenye begi, zinaisha zenyewe. Chukua hizi za namba ndogo, zinatunza chaji."

"Wee! Nimeshika kamera wewe hujaota meno," akamjibu, akabeba za namba kubwa. Akazichaji zikajaa, nne akatia kwenye kamera, nne akaweka akiba. Kazi ikawa haba, begi likaning'inia msumarini wiki baada ya wiki.

Ndipo akaitwa hospitali. Mdogo wake wa kike alikuwa amejifungua, na mtoto hakukaa. Huyo alikuwa wa tatu kumfia.

"Kaka, wale wawili sura zao zimenitoka," alisema mdogo wake, kichanga mikononi, midomo imemkauka. "Nikifumba macho siwaoni. Huyu nipigie picha, hata moja tu."

Muuguzi alisimama mlangoni, kawapa dakika chache kwa huruma, maana mume na wajomba walikuwa nje wakisubiri kwenda kuzika. Simu zao wote zilikuwa za tochi tu, hazina kamera.

Akawasha kamera. Lenzi ikatoka nusu, ikarudi, kioo kikawa cheusi. Akatia zile za akiba. Wapi! Akamlaani muuza betri, kisha akajilaani mwenyewe, maana aliambiwa akaelewa.

"Kuna nini, kaka?"

Mdogo wake alikuwa ameshamgeuza mtoto upande wa dirisha ili mwanga umpate, anamfuta kidevu kwa kidole. Mpiga picha akaona heri afe yeye. Akainua kamera, akabonyeza.

"Mbona haijalia?"

"Siku hizi hazilii."

"Umempata vizuri? Na kope zake?"

"Nimempata."

Mdogo wake akashusha pumzi. Tangu asubuhi alikuwa amegoma kumwachia mtu yeyote yule mtoto. Sasa akambusu kwenye paji la uso, akamfunika kwa mkono wake mwenyewe, akamkabidhi muuguzi.

"Mpeleke tu," alisema. "Sura yake anayo kaka yangu."